Naomba ushauri: betri inaisha haraka tangu niweke Linux

Habari zenu wakuu. Niko Jinja, kazi yangu ni kutafsiri, kwa hiyo umeme ukikatika betri ndiyo mkombozi. Laptop ni ya mtumba. Ikiwa na Windows 10 ilinipa saa nne hivi. Mwezi uliopita nikaweka Ubuntu 24.04 (aina mojawapo ya Linux), sasa saa moja na nusu imezima, na feni inalia kama kinu cha posho hata nikiwa naandika tu.

Kinachoniudhi zaidi: juzi usiku nimefunga kifuniko ikiwa na asilimia 80, nikaitia kwenye mkoba. Asubuhi ni 31, na mkoba una joto kama kiazi kilichotoka jivuni! Nikafungua faili /sys/power/mem_sleep, linaloonyesha laptop inalala kwa njia gani, nikakuta iliyochaguliwa ni s2idle (usingizi mwepesi), ingawa deep (usingizi mzito) nayo ipo. Nikielewa sawa, inasinzia, hailali. Nikiongeza mem_sleep_default=deep kwenye GRUB (programu inayoanzisha mfumo laptop ikiwashwa), kuna hatari ya kugoma kuamka?

Upower (programu inayosoma hali ya betri) inaonyesha betri inajaa hadi Wh (wati-saa) 33, wakati ilitengenezwa kwa Wh 48. Imechoka, sikatai, lakini ilikuwa imechoka hivyohivyo tangu enzi za Windows. Fundi mmoja hapa mjini kang'ang'ania ninunue mpya (yeye ndiye muuzaji, bila shaka).

Pia nataka kuweka TLP (programu ya kubana matumizi ya betri), ila naambiwa inagombana na power-profiles-daemon, nyingine ya kusimamia umeme iliyokuja na mfumo. Nibaki na ipi? Na kadi ya grafiki ziko mbili; nitajuaje kama ile kubwa inawaka muda wote?