Acheni kuwafanya samaki wa Ziwa Erie ngao ya kupinga umeme wa upepo

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Kila ikitajwa mitambo ya upepo ndani ya Ziwa Erie, hili la mpakani mwa Marekani na Kanada, lazima atokee mtu aseme "itamaliza samaki", na mjadala unafia hapo. Wiki hii limezuka tena kwenye kundi letu la Waswahili wa Ohio. Imetumwa video ya samaki waliokufa wamejaa ufukweni, chini yake imeandikwa kwamba hiyo ni kazi ya mitambo ya upepo. Jamani, Ziwa Erie halina mtambo hata mmoja uliosimama majini! Halijawahi kuwa nao! Watu wazima, wengine walimu na manesi, wanasambaza bila kujiuliza swali moja.

Mimi ni mvuvi wa ndoano hapa Cleveland. Perchi wa njano na wolai wa ziwa hili wanaliwa nyumbani kwangu, na wanangu. Ndiyo maana linaniuma.

Kwa msioujua mradi wenyewe: uliitwa Icebreaker. Mitambo 6 tu, megawati 20.7, kiasi cha kilomita 13 kutoka ufukweni. Ungekuwa wa kwanza kwenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, Amerika Kaskazini. Mei 2020 bodi ya Ohio inayotoa vibali vya mitambo ya umeme iliuruhusu kwa sharti la kuzima usiku kucha kuanzia Machi hadi mwanzo wa Novemba, kwa ajili ya ndege na popo. Sharti likaondolewa mwaka huohuo, kesi ya wapinzani ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya jimbo, na Agosti 2022 mahakama ikakiacha kibali kisimame. Desemba 2023 wenye mradi wakausimamisha. Miaka ilikuwa imeliwa na kesi, gharama zimepaa. Na katikati ya vita hiyo ilikuja kujulikana hadharani kwamba kampuni ya makaa ya mawe ndiyo iliyokuwa inasaidia kulipa mawakili wa wapinzani. Makaa ya mawe! Wenye uchungu na samaki lini hao?

Madhara yapo, na mvuvi ndiye wa kwanza kutaka yajulikane. Kubwa ni kelele za ujenzi. Nguzo ya chuma ikigongwa chini kwa nyundo ya mtambo, mshindo unasafiri majini na kumpiga samaki kwenye bondo. Wa Kanda ya Ziwa mnalijua bondo kwa bei yake sokoni. Nazungumzia kazi yake akiwa hai, kile kifuko cha hewa kinachomsaidia kukaa kwenye kina anachotaka. Bondo la perchi limefungwa, halina njia ya kutoa hewa haraka. Ukimvuta kutoka mita 15 utaliona mwenyewe: anafika juu kavimba, macho yamemtoka, na tumbo lake la chakula limesukumwa hadi mdomoni, jekundu. Hiyo ni tofauti ya mgandamizo wa maji peke yake. Kwa hiyo mtu akiniambia nyundo inaweza kumjeruhi perchi, simbishii.

Lakini Icebreaker haikupanga kutumia nyundo! Misingi yake ilikuwa ndoo kubwa za chuma zilizofunikwa kifudifudi. Unaiweka juu ya tope, unanyonya kwa pampu maji yaliyobaki ndani, na ndoo inajizamisha. Ilikuwa kwenye nyaraka za mradi, hadharani, kwa miaka. Nani kati ya wanaopiga kelele alizifungua?

Waya wa umeme wa chini ya ziwa nao una la kujibu. Maabara ya Oak Ridge kule Tennessee iliwajaribu samaki wa maji baridi karibu na uga wa sumaku kama ule wa waya wa umeme, na samaki aina ya stajoni wa ziwani walibadili namna ya kuogelea. Stajoni wana viungo vya kuhisi umeme, na Ziwa Erie wamebaki wachache. Basi tuulize waya utafukiwa kina gani na utapita wapi. Ni swali la mhandisi, linajibika.

Linaloninyima raha mimi hasa ni kome na gobi. Sakafu ya ziwa pale katikati ni tope. Ukisimamisha chuma umeleta mwamba ambao haukuwepo, na kome wa kigeni walioletwa na maji ya meli watauvaa wote. Wakishika kome, gobi watafuata, na gobi ni mla mayai ya samaki wenzake. Lakini pia samaki wadogo hupata maficho kwenye misingi kama hiyo, na wakubwa wakawafuata. Kipi kitazidi? Hapa ndipo nataka watu wenye nyavu, kamera na vipimo vya oksijeni, mwaka baada ya mwaka, kabla ya ujenzi na baada yake.

Na hapo ndipo hasira yangu ilipo. Ontario, jimbo la Kanada ng'ambo ya ziwa hilihili, ilisimamisha miradi yote ya upepo wa majini Februari 2011. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba sayansi ya maji baridi bado haijatosha. Sawa, nakubali. Kisha? Kampuni moja iliyokuwa na mkataba wa Ziwa Ontario ilifungua shauri, na mwaka 2016 baraza la usuluhishi likaiamuru Kanada ilipe dola zake milioni 25 na ushee pamoja na gharama. Likasema pia kwamba serikali haikufanya mengi kuondoa hayo mashaka ya kisayansi. Yaani umesimamisha kazi ukisubiri utafiti, halafu utafiti wenyewe huufanyi! Samaki wamefaidika nini?

Wakati huohuo ziwa linakufa kwa mambo yanayojulikana. Mbolea na samadi kutoka mashamba ya bonde la Mto Maumee, unaoingia ziwani humu, zinaleta fosforasi, fosforasi inalisha mwani. Agosti 2014 watu zaidi ya laki 4 wa jiji la Toledo, Ohio, na jirani waliambiwa wasinywe maji ya bomba kwa sababu ya sumu ya mwani huo. Mwani ukifa unazama na kuoza. Kiangazi sehemu ya katikati ya ziwa hujigawa, maji ya moto juu, tabaka jembamba la baridi chini, na kule chini oksijeni inakwisha. Perchi anafukuzwa sakafuni kwake. Upepo ukiyapindua hayo maji, samaki wanakufa kwa maelfu, kama walivyotupwa ufukweni upande wa Ontario Septemba 2012. Majimbo ya Ohio, Michigan na Ontario yaliahidi kupunguza fosforasi inayoingia magharibi mwa ziwa kwa asilimia 40 ifikapo 2025, na hayakufika. Mbona hilo halina video kwenye kundi? Mbona hakuna aliyekusanya pesa za mawakili?

Mitambo ya umeme wa makaa ya mawe nayo imenyonya maji ya ziwa hili kujipoza kwa miongo mingi, mayai na vifaranga vya samaki vikipita humohumo. Kimya.

Uholanzi wana shamba moja la mitambo 89 kwenye IJsselmeer, ziwa la maji baridi, imesimama tangu 2021. Sweden wana 10 kwenye Ziwa Vänern tangu zaidi ya miaka kumi iliyopita. Kuna wenzetu wengi wanaishi nchi hizo na najua wamo humu wanaovua. Njooni mseme mnachokipata karibu na nguzo na mnachokipata mbali nazo, ukubwa wa samaki na msimu. Na aliyetuma ile video kwenye kundi, nakuomba uifute na uwaambie uliowatumia kwamba haikuwa kweli.