Mafundi, acheni kupaka silikoni kwenye gasketi ya ekzosi!

Wakuu, nina hasira na sifichi. Gari langu dogo la silinda nne lilianza kugonga tik-tik-tik kila nikiliwasha asubuhi. Likishapata moto, sauti inapungua. Nikampelekea fundi, nikamwambia wazi nahisi ni gasketi ya manifoldi ya ekzosi, yaani kizibo kinachokaa kati ya injini na bomba linalokusanya moshi wa silinda zote. Akachukua hela ya gasketi mpya pamoja na ya ufundi. Haukupita muda kelele ikarudi, na sasa moshi unanuka mpaka ndani nikiwasha feni.

Nimefungua kinga ya joto mwenyewe. Gasketi ni ile ile ya zamani! Imeliwa kwenye tundu la silinda ya mwisho, masizi yametapakaa pembeni yake, na juu imepakwa silikoni nyekundu ambayo imeshaungua: ukiigusa kwa ukucha inapukutika unga. Hata silikoni ya joto kali huishia nyuzi 300 na ushee. Manifoldi, injini ikikamuliwa, inavuka 600. Fundi gani halijui hili?

Kuna stadi (ile bolti inayoshikilia manifoldi kwenye injini) imekatika, ikaachwa hivyo hivyo. Najua kuitoa ni kazi: unailowesha mafuta ya kulegeza kutu, unaipasha moto, ikigoma unaitoboa kwa drili. Angeniambia, ningelipa. Kuificha chini ya kinga ya joto ni wizi.

Na gasketi haiungui bure. Mara nyingi manifoldi imepinda, au nati zilikazwa kwa kukisia. Uso unakwanguliwa mpaka masizi yote yatoke, unalazwa rula ya chuma, unapitisha fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia upenyo) chini yake. Upenyo ukizidi kipimo cha mtengenezaji, manifoldi inapelekwa kusawazishwa kwa mashine. Ndipo nati zikazwe kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu, kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Hapa hakuna lililofanyika hata moja.

Kibaya zaidi, taa ya injini ilipowaka akaniambia sensa ya oksijeni, ile inayopima oksijeni kwenye moshi, imekufa, ninunue nyingine. Sensa ni nzima! Penye upenyo kabla ya sensa, hewa ya nje inavutwa ndani ya ekzosi, kompyuta ya injini inadhani petroli ni kidogo, inazidi kumwaga. Ndiyo maana gari linakunywa mafuta siku hizi.

Halafu kuna kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Ule moshi ninaousikia unanuka, hiyo gesi inaingia nao, na kiti cha nyuma nabeba watoto. Huyu mtu alilikabidhi gari akijua hilo.

Picha za gasketi na stadi nimepiga, risiti ninayo. Nataka hela yangu irudi yote, kazi nitampa mwingine na nitasimama hapo hapo akifunga. Mliowahi kumbana fundi wa namna hii mpaka akarudisha, mlianzia wapi?