Ukingo wa lesi unaingia ndani kila nikivuta uzi, nisaidieni

Nyuzi Mbili: Wakuu, nasuka lesi ya bobini (vijiti vya kuzungushia uzi), mtindo wa Torchon, jozi 16 za bobini, ya kupamba shela ya mdogo wangu. Ukingo mmoja unaingia ndani. Nikivuta zaidi, uzi wa kitani unakatika. Nivuteje?

Mama Pacha: Hongereni kwa harusi! Mie lesi ilinishinda, nikahamia kufuma kwa kulabu. Punguza pupa, mdogo wangu.

Fundi Kitani: Kuvuta si nguvu. Jozi inayosuka ikishazunguka pini, shika bobini zake mbili pamoja, vuta polepole kuelekea nje, ndipo uifunge pini kwa mshono. Pini za ukingo ziinamie nje, uzi usizipande. Unazing'oa baada ya muda gani?

Nyuzi Mbili: Mto wangu wa kusukia ni mgumu, na bobini zote zinaning'inia sawa.

Fundi Kitani: Nimeuliza pini.

Nyuzi Mbili: Baada ya mistari minne au mitano. Sina nyingi. Lakini kilichokwisha kusukwa hakifumuki, pini ya nini tena? Nimeshavuka nusu, sirudi nyuma.

Fundi Kitani: Hakifumuki, ila kinasogea. Pini za nyuma ndizo zinazobeba mvuto wa mbele. Zikandamize vichwa vikaribie karatasi ya mchoro, uzi usinase, uziache hapo.

Babu Shaba: Ziwe za shaba ya njano. Za chuma zilinitia kutu kwenye kitambaa cheupe, hakikutakata tena.

Jicho Pevu: Jamani, mnajibu hadithi ya kutunga. Aliyekatikiwa na kitani angeuliza kwanza namna ya kuunga. Huyu hajagusa bobini.

Nyuzi Mbili: Sikuuliza kwa sababu najua! Nilitundika bobini mpya kwenye pini ya nyuma, nikausuka uzi wake sambamba na ule wa zamani kwa mishono kadhaa, kisha nikaitoa ya zamani. Ncha nitazikata mwisho.

Jicho Pevu: Hapo nimekuelewa. Samahani.

Fundi Kitani: Hiyo pini ya kutundikia ilikuwa upande gani? Bado ipo?

Nyuzi Mbili: Ukingoni kulia. Niliing'oa pamoja na nyingine.

Fundi Kitani: Na ukingo unaoingia ndani?

Nyuzi Mbili: Huohuo wa kulia.

Fundi Kitani: Basi uzi mpya ulikosa pa kushikilia, kila ukivuta unateleza. Kuanzia hapo, rudisha pini kwenye matundu yaleyale kabla hujasuka mshono mwingine.

Nyuzi Mbili: Nitarudisha za ukingoni tu. Za katikati hazitoshi.