Tupeane uzoefu: siku ulipoacha kuwa mtu mmoja ndani na mwingine nje

Mwanzisha uzi (Moshi)

Habari za jioni wakuu. Nafanya kazi ya ushauri nasaha hapa Moshi, na kuna jambo nakutana nalo kwa watu wa kila aina: wafanyabiashara, walimu, wake za watu, vijana wa mlimani. Mtu anakaa, anatabasamu, anasema "namshukuru Mungu, mambo mazuri", huku leso mkononi ameisokota mpaka imekuwa kamba. Hana nia ya kunidanganya. Amelizoea jibu hilo kiasi kwamba hata yeye hajui tena moyo wake unasemaje.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Carl Rogers (1902–1987), alilipa jambo hili uzito mkubwa. Alisema kuna yale mtu anayoyapitia kweli, na kuna picha aliyojichorea kuhusu yeye ni nani. Vikipatana, mtu anatulia na anakua. Visipopatana anaishi na wasiwasi, maana kila siku kuna kitu cha kuficha, kikiwemo cha kujificha mwenyewe. Chanzo alikiona utotoni: mtoto akijifunza kwamba anapendwa akiwa hivi tu, ile sehemu yake nyingine anaizika. Rogers alilelewa kwenye familia ya dini kali. Chuoni alianza na kilimo, akahamia masomo ya uchungaji, kisha akayaacha na kuingia saikolojia. Naamini alikuwa anaongea jambo alilolipitia.

Naomba tusimuliane. Ni wapi ulikuwa unaishi maisha mawili, na nini kilitokea ulipoyaunganisha? Hata kama hakikuisha vizuri, leta.

Kaka wa Kibosho

Kwangu ni Desemba. Mliotoka Uchaggani mnajua. Nina duka la viatu Arusha, na kila Krismasi nilikuwa nakodi gari la kupandia nyumbani. Namlipa mwenye gari, najaza mafuta, nabeba kreti za soda na kitenge cha mama, napanda Kibosho kioo kimeshushwa ili wanione. Januari narudi dukani na deni, ada ya mtoto sina, mzigo mpya sina. Nikiulizwa nasema biashara inakwenda. Kusema kweli nilikuwa nalala saa chache, na tumbo linauma kila ikifika Novemba.

Mwaka mmoja sikupata wa kunikopesha. Nikapanda basi mpaka Moshi, kisha Hiace mpaka juu, na mfuko wa sukari na nyama. Njia nzima natunga uongo kwamba gari liko gereji. Nilipofika, baba mkubwa akauliza mbele ya watu wote, "Gari liko wapi?" Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Nikajikuta nasema, "Baba mkubwa, sina gari. Yale yote nilikuwa nakodi. Biashara ni ngumu na nina madeni."

Binamu mmoja alicheka, na mpaka leo ananitania. Baba mkubwa alinyamaza, akanipa kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, akahamia habari za migomba. Usiku jikoni mama akaniambia, akiwa anamenya ndizi za mtori hata hajaniangalia: "Nilijua zamani. Namba za gari zilikuwa zinabadilika kila mwaka."

Wakuu, nililia kama mtoto. Miaka yote hiyo yeye anaona, ananyamaza kunilindia heshima, na mimi nateseka kumlindia furaha yake. Siku hizi naenda na nilichonacho. Madeni sijamaliza, ila Novemba tumbo haliniumi.

Mwanzisha uzi

Kaka, asante sana. Hapo kwa mama nimesoma mara mbili. Umeonyesha vizuri jambo ambalo watu hulisahau: hatujifichi kwa sababu ni wabaya. Tunajificha kwa sababu tunawapenda watu na tunaogopa kwamba penzi lao lina masharti. Wakati mwingine sharti lilishaondoka siku nyingi na sisi bado tunalilipia.

Mbeba wageni, Arusha

Mimi ni dereva na mwongoza watalii. Baba alikuwa amelazwa, na mimi niko safarini na wageni, Tarangire kisha Ngorongoro. Kazi yetu ni tabasamu. Nikawa nacheka, nasimulia tembo, halafu nikisimama kuangalia simu mikono inatetemeka. Mama mmoja wa makamo akaniuliza kama niko sawa. Nikasema niko sawa. Akauliza tena wakati wa chakula cha mchana. Nikamwambia, "Baba yangu yuko hospitali, ndiyo maana leo niko kimya. Kazi nitaifanya." Basi. Sikulia, sikuomba chochote. Wakanielewa, na kuanzia hapo niliweza kuendesha nikiwa na akili yangu yote garini. Kabla ya hapo, asubuhi nzima nilikuwa napita wanyama bila kuwaona.

Dada wa mapokezi

Hongereni, ila mimi napinga kidogo. Niko mapokezi hotelini. Mgeni akinitukana nifanye nini, nimwambie ninavyomwona? Kesho sina kazi. Na semina tuliambiwa asilimia 93 ya mawasiliano si maneno, kwa hiyo tabasamu ndiyo kazi yenyewe.

Mwanzisha uzi

Dada, hoja yako ni ya msingi, niijibu taratibu.

Hiyo asilimia 93 inatokana na majaribio ya mwanasaikolojia Albert Mehrabian ya mwaka 1967. Alikuwa anaangalia jambo dogo: neno likisema hivi na sauti au uso ukisema vile, msikilizaji anaamini kipi kuhusu kupendwa au kuchukiwa. Yeye mwenyewe alikataa isitumike kwa mawasiliano yote. Kinachobaki ni kwamba vikigongana, watu huamini uso.

Kuhusu kazi: mwaka 1983 mwanasosholojia wa Marekani, Arlie Hochschild, aliandika juu ya wahudumu wa ndege, watu ambao tabasamu ni sehemu ya mshahara wao. Alionyesha kwamba kuvaa hisia usizonazo saa zote ni kazi halisi, inachosha, na mtu anaweza kufika mahali asijue tena lipi ni lake. Kwa hiyo uchovu wako una jina, usijilaumu.

Lakini Rogers hakusema tumwage kila kitu kwa kila mtu. Alipoandika mwaka 1957 kuhusu masharti ya tiba, alimtaka mshauri awe mkweli wa nafsi ndani ya saa ile anayokaa na mteja. Alisema wazi kwamba haiwezekani mtu awe hivyo katika kila kona ya maisha. La kwanza ni wewe kujua kwamba umekasirika. Kumwambia mgeni au kutomwambia ni uamuzi unaofuata, na busara ina nafasi yake hapo. Anayejua amekasirika na akachagua kunyamaza yuko salama kuliko anayejiambia "mimi huwa sikasiriki".

Dada wa mapokezi

Hapo nimekuelewa. Mimi ni huyo wa "huwa sikasiriki". Nikifika nyumbani Njiro nawafokea watoto kwa kijiko kilichodondoka.

Dada wa Sakina

Yangu haikuisha vizuri. Nilikuwa nimeshavishwa pete, kamati ya send-off imeshakaa, michango imeanza kuingia. Mwenzangu na mama yake walitaka niache kazi nikishaolewa. Muda wote nilikuwa naitikia "sawa mama". Siku moja nikamwambia mwenzangu kwamba sitaki kuacha kazi na sikuwahi kutaka. Posa ikavunjika. Michango tumerudisha, shangazi zangu wengine hawanisemeshi. Sijutii. Ila nikipita ule ukumbi tuliokuwa tumeulipia kianzio, bado naumia. Msiwaambie watu kwamba ukisema ukweli unapata amani siku hiyo hiyo.

Mwanzisha uzi

Pole sana dada, na asante kwa kulisema hilo. Ni kweli, na mimi ofisini siwaahidi watu amani ya haraka. Kuna watu walikuwa wameizoea ile "sawa mama", na ikiondoka wanaona umewanyang'anya kitu chao. Maumivu yako ni sehemu ya ukweli ule ule, nayo usiyafiche.

Kijana wa Pasua

Swali. Mtu anaanzia wapi? Mimi nasoma uhasibu kwa sababu ya mzee. Kumwambia siwezi, ananilipia ada kwa kuuza maziwa.

Mwanzisha uzi

Mdogo wangu, usianze na mzee. Anza na mwili: ukitajiwa uhasibu, kifua kinabana au kinatulia? Andika kwa wiki chache bila kujihukumu, huenda ukakuta unachokichukia ni chuo hicho na uhasibu hauna kosa. Kisha mwambie mtu mmoja asiye na kisu mkononi, rafiki au mlezi wa wanafunzi. Ukifika kwa mzee, ongea habari zako wewe: "baba, mimi naona hivi, nahofia hivi", na maziwa yake uyataje kwa shukrani kabla ya yote, kwa sababu najua shukrani hiyo nayo unayo kweli.

Mliowahi kukaa na wazazi wakali kwa jambo kama hili, mwambieni kijana mlianza na sentensi gani.