Paa za asbesto shuleni: zing'olewe likizo hii au tuziache zilivyo?

Mzazi wa Kisauni

Jumamosi tulikuwa na mkutano wa wazazi. Jina la shule silitaji. Iko huku Pwani, ya miaka ya sabini, madarasa manane na yote yameezekwa asbesto, zile shiti nene za kijivu zenye mawimbi. Bodi imekuja na hoja moja: kila mzazi achange, likizo ya Agosti paa zote zishuke, mabati yapande, kwa sababu asbesto inaleta kansa. Mama mmoja akauliza kansa gani. Mwenyekiti akajibu, "Ya kifua, ile mbaya," akaenda kwenye ajenda ya uji.

Mimi nikauliza mwisho kabisa: nani atazishusha? Nikaambiwa wamepatikana vijana wawili wa bei nafuu, na kwamba shiti zitakazotoka nzima watachukua wao, ndiyo sehemu ya malipo. Usiku huo sikulala.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Paa hizo sizitetei hata kidogo, ila kuzing'oa kwa mtindo huo nakupinga. Afadhali zikae mwaka mwingine. Karibuni, nipingeni.

Fundi wa Paa

Mimi nimeanza kuezeka 1984. Asbesto nimeikata kwa msumeno, nimeitoboa kwa drili, nimeibeba begani kutoka kwenye lori hadi juu ya kenchi. Vumbi lake nimelila zaidi ya ugali. Nina miaka 63 na kifua changu kizima, asubuhi naendesha baiskeli mpaka Mtwapa.

Tena semeni ukweli wote. Ingia darasa la asbesto saa nane mchana, linakalika. Ingia la mabati, watoto wanaokwa kama mikate, na mvua ikipiga mwalimu anabaki kuchezesha midomo tu. Chumvi ya bahari inakula bati miaka kumi, asbesto haigusi. Wazungu walituuzia wenyewe wakaisifu, leo wanatuambia ni sumu. Kesho watasema nini juu ya mabati?

Daktari wa Zamu

Shikamoo mzee. Afya yako naifurahia, na kuhusu joto la mabati umesema kweli tupu. Ila hapo kwenye kifua niruhusu kidogo.

Ugonjwa tunaouzungumza unaitwa mesotelioma. Watu wengi, mwenyekiti wa bodi akiwa mmoja wao, wanaufanya kuwa kansa ya mapafu. Asbesto inaleta hiyo pia, hasa kwa mvutaji wa sigara, lakini mesotelioma ni nyingine: inaota kwenye ule utando mwembamba unaolifunika pafu, mara chache kwenye utando wa tumbo, na sigara haihusiki nayo. Asbesto ni jiwe linalochanika kuwa nyuzi. Ukikata shiti kavu, nyuzi nyembamba mno kuliko unywele zinapanda na vumbi, huzioni, unazivuta. Zinashuka hadi mwisho wa pafu, nyingine zinaufikia utando. Mwili hauwezi kuziyeyusha. Seli za kinga zinajaribu kumeza ufito mrefu kuliko zenyewe, zinashindwa, na hapo panabaki mwasho usiokwisha.

Sasa muda, maana hapa ndipo watu wengi wanapotelezea. Kutoka vumbi hadi ugonjwa inapita miaka 20, 30, 40, hata 50. Kwa hiyo baiskeli ya leo haiwezi kutoa hesabu ya vumbi la 1995. Sikutakii baya, mzee, na niseme pia kwamba wengi waliofanya kazi kama yako hawapati mesotelioma. Ni ugonjwa wa nadra. Shida ni kwamba ukishafika, dawa zilizopo zinasogeza siku tu: kwa wagonjwa wengi tunahesabu miezi, mwaka na kitu.

Mlipa Kodi

Nadra. Asante daktari, hilo neno nalitaka libaki hapo.

Shule yangu ya msingi ilikuwa na asbesto, na mamia ya watu tumepita pale. Nionyesheni mmoja, mmoja tu, aliyeugua kwa kukaa chini ya paa. Nyuzi kwenye shiti ya saruji zimeshikwa na saruji, haziruki zenyewe. Na asbesto ina aina zake: iliyotumika sana kwenye paa ni ile inayoitwa nyeupe, si ile kali ya buluu. Pesa hizo za mchango zingejenga vyoo. Watoto wanaugua kuhara kila mvua za masika na hilo tunaliona kwa macho. Hii nyingine ni hofu ya kuazima.

Binti wa Karakana

Nilikuwa napita tu, ila "nionyesheni mmoja" imenigusa.

Baba yangu alifanya kazi karakana moja hapa Mombasa, kufunga mabomba ya mvuke ile nguo nyeupe ya kuzuia joto. Sisi tuliijua kama "pamba ya bomba". Jioni alirudi mabega meupe kama mtu wa kinu cha unga. Mama alikuwa akikung'uta ovaroli yake ukutani, pah pah pah, halafu ndiyo anailoweka.

Alistaafu akiwa mzima. Miaka kumi na tatu baadaye akaanza kuhema akipanda ngazi mbili tu. Kifua kikajaa maji upande wa kulia. Hospitali wakasema TB, akapewa dozi ya miezi sita akaimaliza, maji yakarudi. Yakatolewa, yakarudi. Yalitolewa mara tatu, chupa mbili kila safari, ya rangi ya chai ya rangi. Mwisho daktari mmoja kijana akamuuliza, "Mzee, zamani ulikuwa ukifanya kazi gani?" Ndiyo mara ya kwanza mtu kumuuliza. Wakakata kinyama, kikapelekwa Nairobi, jibu likaja na hilo jina. Tulimzika baada ya miezi saba.

Mama sasa ana miaka 71. Akikohoa tu, sisi watoto tunatazamana.

Daktari wa Zamu

Pole sana dada. Mama usimwache bila kumpima, na umweleze daktari wake habari ya zile ovaroli. Wake wa wafanyakazi waliofua nguo wamo kwenye kumbukumbu za ugonjwa huu nchi nyingi.

Ndugu Mlipa Kodi, hadithi ya dada inakujibu kwa namna usiyoitarajia. Unasema hatuna wagonjwa. Huku kwetu kifua kikijaa maji, wazo la kwanza ni TB, na mara nyingi ni TB kweli, simlaumu mtu. Mesotelioma haijulikani kwa picha ya eksirei pekee. Inataka kipande cha utando, rangi maalumu za maabara, na mtaalamu wa kuzisoma. Ni hospitali ngapi za kaunti zina hivyo? Mgonjwa anakufa na cheti kinaandikwa kitu kingine. Kutohesabiwa na kutokuwepo ni mambo mawili.

Hata Afrika Kusini hawakuwa na wagonjwa mpaka walipoanza kuuliza. 1960 Wagner, Sleggs na Marchand walichapisha habari za wagonjwa 33, karibu wote wakiwa na uhusiano na machimbo ya asbesto ya buluu huko Cape Kaskazini. Baadhi yao hawakuwahi kuchimba. Walikulia pale tu, wamecheza utotoni karibu na marundo ya mabaki.

Na hiyo nyeupe, ndiyo, kwa mesotelioma ni hafifu kuliko ya buluu. Lakini shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, limeweka aina zote kwenye kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Na kuna shiti zilizotiwa asbesto ya kahawia au ya buluu kidogo ndani yake. Ukiitazama kwa macho huwezi kujua.

Mlipa Kodi

Dada pole, sikujua. Mungu amrehemu mzee.

Lakini daktari, kuwa mkweli. Baba yake alishika pamba yenyewe kwa mikono miaka yote hiyo. Hakukaa chini ya paa akisoma Kiswahili. Unachanganya mambo.

Daktari wa Zamu

Hapo umenishika na nakubali. Paa zima, lisiloguswa, hatari yake ni ndogo sana ukilinganisha na karakana. Mzazi akiniuliza kama mwanawe atakufa kwa kusoma pale, nitamwambia apunguze hofu.

Mzazi wa Kisauni

"Zima, lisiloguswa." Basi ngoja niwaeleze paa letu.

Leo nimekwenda makusudi. Pembe ya darasa la tano shiti imepasuka tangu mpira wa mwaka juzi, na ukingo wake umechanika kama ukindu, vinyuzi vinaonekana. Sehemu ya juu imeota ukungu mweusi, na kila Januari mlinzi anapandishwa na brashi ya waya aikwangue ili shule ipendeze siku ya kufungua. Kwenye gata kuna tope la kijivu kama uji wa mtama. Na hili ndilo lililoniondolea nguvu za miguu: watoto wa chekechea wanaokota vile vipande vilivyoanguka, wanachorea sakafuni. Vinaandika vizuri, kama chaki. Mmoja alikuwa amemchora ng'ombe, akapuliza vumbi lile ili ng'ombe aonekane.

Kwa hiyo "tuziache zilivyo" haipo. Zilivyo ni hivyo.

Mpemba wa Leicester

Assalam alaykum. Mimi niko Uingereza mwaka wa kumi na moja, kazi yangu kubomoa majengo. Nina la kuwaambia pande zote mbili.

Kwanza, msidhani huku wameimaliza. Ya buluu na ya kahawia walizipiga marufuku 1985, nyeupe 1999, na mpaka leo mesotelioma inaua zaidi ya watu 2,000 kwa mwaka, kwa ule muda mrefu aliousema daktari. Shule nyingi za hapa bado zinayo ndani ya kuta na dari. Sera ya serikali ni kuiacha pale ilipo kama nzima, waikague, waandike iko wapi. 2022 kamati moja ya Bunge ilitaka itolewe kwenye majengo yasiyo ya makaazi ndani ya miaka 40. Serikali haikukubali tarehe hiyo. Kwa hiyo mjadala wenu ndio mjadala wa huku.

Pili, hao vijana wawili wa bei nafuu. Sisi tukishusha paa la saruji-asbesto: watoto hawapo, madirisha ya jirani yamefungwa. Shiti zinaroweshwa maji yenye sabuni kidogo zisitoe vumbi. Skurubu inafunguliwa au inakatwa taratibu, shiti haivunjwi. Grenda marufuku, nyundo marufuku, mashine ya kurusha maji kwa nguvu marufuku. Inashushwa kwa mikono mtu kwa mtu, hairushwi. Inafungwa plastiki nene mara mbili na kuandikwa. Barakoa si ile ya korona, ni ya FFP3, ile inayochuja vumbi laini kabisa, tena ndevu unanyoa la sivyo haishiki uso. Nguo ya kazi ya karatasi inaishia kwenye mfuko ule ule. Kile kipande chenye ukindu ndicho kinashughulikiwa kwanza, hata kabla hamjakubaliana mengine yote.

Vijana wenu watapanda na nyundo na kandambili. Siku mbili watatoa vumbi ambalo paa lile lisingetoa miaka ishirini.

Mzazi wa Kisauni

Ndilo neno nililokuwa nalitafuta siku ya mkutano. Na kuna sheria pia. Kanuni za taka hapa Kenya zinaihesabu asbesto kuwa taka hatari. Anayeibeba awe na leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, na inazikwa mahali palipoidhinishwa. Kuwapa vijana shiti wakaezeke kwao kunahamisha tatizo kutoka shuleni kwenda kwa mama zao.

Ninachokwenda kudai: vipande vilivyoanguka viokotwe vikiwa vimeroweshwa, pembe ya darasa la tano ifungwe, brashi ya waya ikome. Mchango tuuweke mpaka apatikane mwenye leseni, hata ikiwa ni madarasa mawili kwa mwaka.

Mlipa Kodi

Madarasa mawili kwa mwaka naweza kuliunga mkono. Ila vyoo kwanza, sijahama hapo.

Mama Zuhura

Samahani, na maji? Tunakinga ya paa hilo hilo, watoto wanakunywa.

Daktari wa Zamu

Mama, kwa kunywa ushahidi wa madhara si mzito, na WHO haijaweka kiwango cha asbesto kwenye maji ya kunywa. Hofu yetu ni ya kuvuta hewani. Hilo tope la gata na la chini ya tangi ndilo nisingependa likauke halafu lifagiliwe. Litolewe bichi.

Fundi wa Paa

Nimesoma yote. Sikukubali yote, joto la mabati hamkunijibu bado.

Lakini nina swali. Kazi nilizofanya zamani, shiti zilizobaki nilikuwa napewa. Nyumbani nimeezekea banda la kuku, na zilizovunjika nimezipondaponda nikamwaga kwenye njia ya kutoka jikoni kwenda chooni, matope yasitushinde. Miaka kumi na tano sasa. Wajukuu ndio huchezea hapo. Bibi yao hufagia kila asubuhi kabla ya umande kukauka, mara nyingine baada.

Ile njia niifanye nini?

Mpemba wa Leicester

Mzee wangu, usiichimbe. Bibi asifagie tena hapo hata siku moja. Ilowesheni maji leo, halafu mwaga udongo juu yake, mnene, shubiri mbili, uushindilie, ama umwage zege ukijaaliwa. Banda la kuku kama shiti ni nzima usilitikise, toa kuku, funga mlango mpaka upate mtu wa leseni.

Fundi wa Paa

Udongo upo. Nishamwamsha kijana, tunabeba maji.