Nyambizi ya Nyuklia na Nyambizi ya Dizeli: Ulinganisho kwa Kutumia Vita vya Falkland

Kusi (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa, mijadala yetu ya nyambizi mara nyingi huishia kwenye urefu, kasi na idadi ya makombora, kana kwamba vyombo hivi hupigana kwenye karatasi. Ningependa tulinganishe aina mbili kuu, yaani ile inayoendeshwa kwa kinu cha nyuklia na ile ya dizeli na betri, kwa kutazama vita ambavyo zote mbili zilikuwa kwenye bahari moja na katika majuma yaleyale: vita vya Visiwa vya Falkland, vilivyo Atlantiki ya Kusini chini ya utawala wa Uingereza, kati ya Uingereza na Argentina, mwaka 1982. Ni ipi ilimnyima adui usingizi zaidi, na kwa nini?

Pweza wa Kilindini

Kwangu jibu ni nyuklia, na sababu ya kwanza ni umbali. Nyambizi ya nyuklia ya Uingereza, HMS Spartan, iliondoka Gibraltar tarehe 1 Aprili, kabla wanajeshi wa Argentina hawajashuka Stanley, mji mkuu wa visiwa hivyo, na kufikia tarehe 12 Aprili ilikuwa imekwisha kufika kwenye maji ya Falkland, siku ileile ambayo Uingereza ilianza kupiga marufuku meli za kivita za Argentina kuzunguka visiwa hivyo. Manowari za juu ya maji zilikuwa bado mbali sana nyuma. Nyambizi ya dizeli isingeweza mwendo huo, kwa kuwa kinu cha nyuklia hakihitaji hewa: joto lake huchemsha maji, mvuke huzungusha rafadha, na chombo huenda kasi chini ya maji usiku na mchana bila kuinua hata periskopu. Kinachokirudisha nyumbani ni kupungua kwa chakula na kuchoka kwa mabaharia.

Sababu ya pili ni yale yaliyotokea tarehe 2 Mei. HMS Conqueror, nyambizi nyingine ya nyuklia ya Uingereza, ilikuwa imeifuatilia kimyakimya meli ya Argentina, General Belgrano, iliyokuwa ikisindikizwa na manowari mbili ndogo. Kamanda wake, Chris Wreford-Brown, alikuwa na torpido (makombora yanayosafiri majini) mpya za kuongozwa, lakini akaamua kutumia aina ya Mark 8, ambayo usanifu wake ulikuwa wa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, kwa sababu aliiamini zaidi. Alifyatua tatu, mbili zikapiga, na watu 323 wakapoteza maisha. Baada ya hapo manowari kubwa za Argentina, pamoja na meli yake ya pekee ya kubebea ndege, Veinticinco de Mayo, zilirudi kwenye maji ya karibu na pwani na hazikutoka tena kupigana hadi vita vilipokwisha. Imezama meli moja, limefungiwa nyumbani kundi zima.

Binti Chake

Kaka Pweza, uhalali wa kuizamisha Belgrano nje ya eneo la marufuku la maili 200 kuzunguka visiwa una ubishi wake mrefu, na naona tusiuguse hapa kwa kuwa mada ni nyingine. Ninachopinga ni kumwangalia mshindi peke yake.

Argentina ilikuwa na nyambizi moja tu ya kisasa iliyofika kwenye mapambano, San Luis, ya aina ya Type 209 iliyosanifiwa Ujerumani. Kompyuta yake ya kulengea iliharibika, hivyo mabaharia walilazimika kupiga hesabu za shabaha kwa mkono. Ilishambulia mara kadhaa mwezi Mei, na hakuna torpido yake hata moja iliyozamisha meli, kwani nyingine zilikatika waya wa kuziongoza. Ukisoma hapo tu utasema ilishindwa. Lakini tazama upande wa pili: jeshi la majini la Uingereza, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa limejifunza kuwinda nyambizi za Kisovieti kwenye Atlantiki ya Kaskazini, liliitafuta San Luis kwa manowari na helikopta, likamwaga torpido na mabomu ya kina kwenye kila mwangwi wa kutia shaka, mwingine ukiwa wa nyangumi, na halikuipata. Baada ya shambulio la kwanza nyambizi hiyo ilijilaza kwenye sakafu ya bahari kwa saa nyingi kama pweza pangoni, ikisikiliza milipuko inavyopita. Kisha ikarudi salama bandarini kwake. Kama torpido zake zingefanya kazi, tungekuwa tunajadili vita vingine kabisa.

Fundi Mitambo

Niongeze upande wa mitambo, maana ndiko jibu la Dada Binti Chake linakotoka. Kinu cha nyuklia hakizimwi kama taa. Kwa kawaida pampu za kupoza hufanya kazi, na gia na mvuke navyo vina kelele zake, ambazo wasanifu hutumia fedha nyingi sana kuzipunguza. Nyambizi ya dizeli ikizima injini na kutumia betri, kinachozunguka ni mota ya umeme tu, na kwa mwendo wa polepole sonari ya adui, yaani mtambo wa kusikiliza sauti majini, haipati cha kusikia.

Gharama ya ukimya huo ni betri. Zikipungua umeme, nyambizi hulazimika kusogea karibu na uso wa maji, kuchomoza bomba la hewa na kuwasha dizeli ili kuzichaji, na hapo rada ya ndege inaweza kuliona bomba hilo. Uswidi ilipunguza tatizo hili kwa nyambizi za Gotland, ambazo zina injini za Stirling zinazochoma dizeli kwa oksijeni ya kimiminika iliyohifadhiwa ndani, hivyo zinaweza kukaa chini kwa takriban wiki mbili zikienda polepole. Mwaka 2005 Marekani iliialika Gotland kwenda San Diego kwa mazoezi, na ikafanikiwa kuikaribia meli ya kubebea ndege USS Ronald Reagan kiasi cha kuhesabiwa kuwa imeizamisha.

Pweza wa Kilindini

Mazoezi hayana woga wa kufa, ndugu Fundi. Tena Gotland iliisubiri meli hiyo ije. Meli ikibadili njia na kwenda kasi, nyambizi ya dizeli haiwezi kuikimbiza bila kumaliza betri.

Binti Chake

Hilo nakubali, na ndiyo maana Uingereza yenyewe ilituma zote mbili. Pamoja na zile za nyuklia, ilipeleka Falkland nyambizi ya dizeli HMS Onyx, ambayo udogo wake uliifaa kwa kazi za makomando karibu na ufuko, kwenye maji ambayo kamanda wa nyambizi kubwa angesita kuyaingia.

Mlinzi wa Hazina

Wakuu, mmesahau pochi. Nyambizi moja ya Marekani ya aina ya Virginia hugharimu zaidi ya dola bilioni 3, na nchi zenye nyambizi za nyuklia kazini ni sita tu: Marekani, Urusi, China, Uingereza, Ufaransa na India. Barani kwetu Algeria, Misri na Afrika Kusini zote zina za dizeli. Zile tatu za Afrika Kusini ni ndugu wa San Luis, za Type 209, na hata hizo zimekaa muda mrefu gatini kwa kukosa fedha za ukarabati mkubwa. Mimi ningeuliza kwanza kama bajeti ya matengenezo ipo, kisha ndipo niulize aina ya injini. San Luis iliangushwa na kompyuta na torpido, haikuangushwa na dizeli.

Kusi

Asanteni. Je, kuna nchi iliyokabiliwa na uchaguzi huu waziwazi siku za karibuni?

Pweza wa Kilindini

Australia. Mwaka 2016 ilichagua Ufaransa iitengenezee nyambizi 12 za dizeli, na Septemba 2021 ikavunja mpango huo ili ipate za nyuklia kwa msaada wa Marekani na Uingereza. Ufaransa ilikasirika hadi ikawaita nyumbani mabalozi wake. Ukipima kwenye ramani kutoka kambi ya nyambizi iliyo karibu na Perth hadi Bahari ya China Kusini, utaona kwamba nyambizi ya dizeli ingetumia sehemu kubwa ya safari yake kwenda na kurudi tu, na njiani ingelazimika kuchomoza bomba la hewa mara nyingi.

Binti Chake

Na Singapore, ambayo maji yake ni finyu, yana kina kifupi na yamejaa meli za mizigo, ilinunua Ujerumani nyambizi za Type 218SG zisizo na kinu. Adui wake akija, atapita mlangoni kwake.