Saa ya kupima sukari au sensa ya mkononi? Tupo Kigoma

Mwandiga_Juu: Wakuu, mama anachoma insulini mara mbili kwa siku, vidole vimeota sugu kwa kutobolewa akipimwa. Kuna saa inauzwa mtandaoni eti inapima sukari kwa mwanga tu. Ndugu aliyeko nje naye anaweza kutuma sensa, vile vifaa vya kubandika kwenye ngozi vinavyosoma sukari. Tushike lipi?

FundiVifaaTiba: Saa achana nayo. Ile taa ya kijani inasoma mapigo ya moyo, namba ya sukari inapikwa na programu. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilionya Februari 2024: haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Ikikuambia 14 mmol/L (sukari ya juu) kumbe mama yuko 4, ukamwongezea dozi ya insulini, umemuua.

Sista_Ujiji: Sensa ndiyo kifaa. FreeStyle Libre 2, kwa mfano, inakaa siku 14 nyuma ya mkono, juu ya kiwiko. Osha kwa sabuni ya kawaida, futa kwa spiriti, acha pakauke kabisa. Pakiwa na mafuta ya kupaka itabanduka mapema. Ukishabandika, subiri muda wa saa moja ndipo isome.

Ila haisomi damu, inasoma majimaji ya chini ya ngozi, hivyo inachelewa dakika kadhaa, hasa baada ya kula au sukari ikishuka kwa kasi. Akiulalia ule mkono pia inadanganya kuelekea chini. Ikisema 3.2 usiku, yaani sukari imeshuka, mwamshe, mpime kidoleni hapohapo. Stripu za kipimo cha kidoleni zimeisha? Chukulia ni kweli, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, rudia kupima baada ya dakika 15. Hawezi kumeza, usimnyweshe kitu, kimbiza hospitali.

Mwandiga_Juu: Asante sista. Na joto la huku?

FundiVifaaTiba: Kwa kutunza sensa, soma alama ya kipimajoto kwenye boksi. Chungu chenye mchanga mbichi kinafaa, ila funga kwenye mfuko usiopitisha maji, unyevu nao unaharibu. Kwenye dashibodi ya gari, hapana. Kabla hazijatumwa hakikisha simu ina NFC, uwezo wa kusoma kifaa ukikisogezea karibu. Na kwa kuwa programu ya sensa haipatikani kila nchi, ndugu aweke na kisomeo chake kabisa.

Sista_Ujiji: Mwaka mzima ni sensa 26, wachache wanamudu. Zikija mbili tu, msizivalishe mfululizo. Moja avae wiki mbili kabla ya kliniki, mkiandika saa za kula na dozi, daktari aone sukari inapanda alfajiri au baada ya ugali. Ya pili muitunze hadi dozi ibadilishwe, ila angalieni tarehe ya kuisha muda.